Namba kubwa si oili bora ya giaboksi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi wenye magari ya gia za mkono tumezoea kulifanya kwa kubahatisha, nalo ni kuchagua oili ya giaboksi. Oili ya injini tunaijali: tunajua ilibadilishwa lini, gereji hutuachia kikaratasi cha kutukumbusha kilomita za kuibadilisha tena, na wengi wetu tunaweza kutaja jina na namba yake bila kuangalia kopo. Ile ya giaboksi hukumbukwa siku gia inapogoma, na siku hiyo fundi humtuma kijana wake dukani akalete "oili ya gia", kana kwamba iko ya aina moja tu.

Mimi nililijua hili kwa gharama. Nina pikapu ya Nissan Hardbody inayobeba mahindi na mbao kati ya Iringa na Dar es Salaam, na mwaka juzi niliipeleka gereji ikabadilishwe sili iliyokuwa ikivuja nyuma ya giaboksi. Fundi alimwaga oili ya zamani, akafunga sili mpya, kisha akajaza giaboksi na difu (gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) kutoka katika dumu moja, akaniambia kwa fahari kwamba safari hii ameniwekea "namba tano", yaani GL-5, ambayo ni bora kuliko "namba nne", GL-4, iliyotajwa katika kitabu cha gari. Nikamshukuru na kumwongezea hela ya soda. Miezi michache baadaye, nikiteremka mlima Kitonga na mzigo, nilitaka kupangua gia kutoka ya tatu kwenda ya pili ili injini inisaidie kulishika gari, gia ikakataa kuingia, ikasaga kwa sauti iliyomfanya utingo wangu ashike dashibodi kwa mikono miwili. Waliopita Kitonga wanajua kwamba pale si mahali pa kubembelezana na mkono wa gia.

Kosa la fundi yule ni la watu wengi, wakiwamo wauzaji, na linatokana na kuzisoma namba hizo kama madarasa ya shule, kwamba wa tano amemzidi wa nne. GL-4 na GL-5 ni makundi yaliyowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, kuonyesha aina ya kazi ambayo oili imetengenezwa kuifanya. GL-5 ilikusudiwa hasa difu. Katika difu ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, pinioni, ile gia ndogo inayozungusha, huwekwa chini ya mstari wa katikati wa krauni, gia kubwa inayozungushwa, hivyo meno yake, pamoja na kuzungushana, huteleza moja juu ya jingine kwa mgandamizo mkali unaoweza kuikamua oili yote iliyo kati yake. Ili chuma kisile chuma, watengenezaji huchanganya kemikali za salfa na fosforasi ambazo, meno yanapopata moto, huungana na uso wa chuma na kufanya utando mwembamba unaolika badala ya meno yenyewe. Kwa kawaida GL-5 hubeba kemikali hizo takriban mara mbili ya zilizomo katika GL-4, na harufu ile ya kiberiti inayotoka difu inapofunguliwa ni ya salfa hiyo.

Giaboksi ina mahitaji yake. Kila unapobadilisha gia, kuna vipande viwili vinavyozunguka kwa kasi tofauti ambavyo lazima vilinganishwe kabla meno hayajaingiana, na kazi hiyo hufanywa na pete ndogo ambazo mafundi huziita sinkronaiza. Katika magari mengi, hasa ya miaka ya nyuma, pete hizo ni za shaba ya rangi ya njano. Zimechongwa mifereji myembamba upande wa ndani, na unaposukuma mkono wa gia mifereji hiyo huikata oili na kuisukuma pembeni, pete ikaubana uso wa gia kwa msuguano kama breki, kasi zikalingana, ndipo meno yanaingia bila kelele. Kwa hiyo oili ya giaboksi inatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana: ilainishe meno na beringi, lakini iache msuguano wa kutosha pale kwenye pete. Oili yenye utelezi uliopita kiasi huifanya pete ishindwe kubana, na dereva anayelazimisha gia wakati huo anayagonganisha meno yenyewe.

Kuna pia suala la shaba kuliwa. Salfa inayotakiwa kuungana na chuma cha difu inaweza kuungana na shaba pia, na utando unaofanyika juu ya shaba ukibanduka hutoka na chembe za pete. Nikiri kwamba hapa mambo yamebadilika, kwani GL-5 nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa kemikali zisizoichokoza shaba kama zile za zamani. Hata hivyo tatizo la utelezi halijaondoka, na anayenunua oili ya kupimiwa kutoka katika pipa hawezi kujua ni ya zamani au ya siku hizi. Fundi mwingine, mzee niliyempelekea pikapu baada ya mkasa ule, aliishusha giaboksi na kunionyesha pete ya gia ya pili ikiwa imelainika upande wa ndani kama sarafu ya siku nyingi. Hakudai kwamba oili peke yake ndiyo iliyoimaliza, maana gari lenyewe si jipya. Alisema tu kwamba pete iliyokwisha kuchoka haikupaswa kupewa oili ile.

Si kwamba GL-5 ni marufuku katika kila giaboksi, na wanaolihubiri hilo nao wanapotosha. Vitabu vya Toyota nyingi za miaka ya 1990, Hilux zikiwamo, vinaruhusu GL-4 au GL-5 ya uzito wa 75W-90. Subaru za gia za mkono ndizo zinazonifurahisha zaidi katika habari hii, kwa sababu difu ya mbele imejengwa ndani ya chesi ya giaboksi na vyote viwili vinatumia oili moja, hivyo kwa nyingi kati yake GL-5 ndiyo inayotakiwa na mwenye kuweka GL-4 kwa kusikia habari za pete za shaba anaweza kuiumiza difu. Honda nyingi za zamani zilitumia oili ya injini katika giaboksi kabla kampuni haijaanza kuuza oili yake maalumu. Peugeot 504, iliyowabeba wazee wetu katika barabara za vumbi, nayo iliwekewa oili ya injini katika giaboksi, na ile Mini ndogo ya Kiingereza ya mwaka 1959 giaboksi yake ilikaa chini ya injini zikioga oili moja. Zipo pia giaboksi za mkono ambazo kiwanda kinaagiza oili nyekundu ya ATF tuliyoizoea kwenye magari ya otomatiki. Fundi anayejaza magari hayo yote kutoka dumu moja atapatia kwa baadhi, na ndiyo sababu kosa hili halionekani upesi.

Namba za uzito nazo zina mtego wake. Nimemsikia muuza duka akimwonya mteja kwamba oili ya gia ya 90 ni nzito mara mbili ya oili ya injini ya 40. Hizo ni kanuni mbili tofauti za kupimia. Kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya gia ya 90 inakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Namba inayotangulia herufi W inahusu oili ikiwa baridi. Hatuna baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri ambayo 75W hupimiwa, lakini anayewasha gari alfajiri ya Julai kule Makambako akiwa na 85W-140 kwenye giaboksi, kwa sababu tu aliambiwa kwamba nzito ndiyo inayolinda, ataisukuma gia ya pili kwa bega mpaka oili ipate moto.

Jibu liko katika kitabu cha gari, na kisingizio kwamba magari yetu yanakuja na vitabu vya Kijapani hakina nguvu sana, kwa maana hata katika kitabu cha Kijapani maneno kama GL-4 na 75W-90 huandikwa kwa herufi na tarakimu hizi hizi tunazozisoma sisi. Kitabu kikiwa kimepotea, namba ya modeli na ya giaboksi zilizo kwenye kibati cha gari zinatosha kumwezesha muuzaji makini kutafuta oili iliyoagizwa na kiwanda. Chupa iliyoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja naishuku, maana mara nyingi ndani yake ni GL-5 inayotafuta wateja wa pande zote. Kwa gari linalotaka GL-4, natafuta iliyoandikwa GL-4 peke yake.

Kuhusu kazi yenyewe nina neno moja kwa mafundi vijana: fungueni boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Boliti ya juu ikigoma wakati oili imekwisha kumwagika, gari limelala hapo hapo. Na anayepita kwenye mafuriko, kama yale ya bonde la Jangwani, asingoje kilomita za kitabu, kwa sababu maji huingia kupitia tundu la kupumulia na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Iliyofikia hapo hailainishi kitu.

Ombi langu kwa wauzaji wa Kariakoo, Gerezani na miji ya mikoani ni dogo. Wanaotupimia oili kwa lita kutoka katika pipa waandike kwa rangi ubavuni mwa pipa hilo aina na uzito wake kama vilivyoandikwa na kiwanda, na wanapomimina katika dumu la mteja waandike hivyo hivyo juu ya dumu. Shirika la Viwango nalo, wakaguzi wake wanapopita madukani, waangalie mapipa hayo pamoja na makopo yaliyopangwa kwenye rafu. Nilipokwenda kununua GL-4 ya kurudishia pikapu yangu, muuzaji wa tatu niliyemuuliza alinionyesha pipa na kuniambia ni "ya gia, ya kawaida". Nikanunua makopo yaliyofungwa, nikalipa zaidi.

Wako,
Mwenye pikapu,
Iringa