Barua kwa mwanangu anayekwenda Kampala

Kibosho, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Salamu zote utapewa na mama yako, mimi nina neno moja tu. Nimemwambia aiweke barua hii chini ya sweta, maana nikikupa mkononi utaisomea sebuleni, tutaanza kubishana, na siku hizi nikibishana presha inapanda.

Ni ile video uliyoirusha Jumapili kwenye grupu la familia. Idi Amin kabebwa na wazungu kwenye kiti, na wewe chini umeandika kwamba Afrika inahitaji vyuma kama huyu. Shangazi yako akacheka. Dada yako akaweka moto. Mimi sikuandika kitu. Nilitoka nikamkatia ng'ombe majani, naye alikuwa ameshakula.

Nakuomba, huko uendako usimsifie yule mtu. Usimsifie kwa mwenye nyumba, wala kwa wenzako darasani, wala kwa bodaboda. Humjui anayekusikiliza alimpoteza nani.

Sisemi kwamba hachekeshi. Kile kiti ni cha mwaka 1975, wakuu wa Afrika walipokutana Kampala. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na tulipoiona picha ile tulicheka mpaka machozi. Mwaka 1972 alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, nilikuwa kijana wa kupitisha pombe ya mbege kwa wazee, na wazee wakasema huyo ndiye mwanaume. Na mimi niliitikia. Kwa hiyo hilo neno la chuma hukuliokota barabarani peke yako.

Ila video haikuonyeshi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum anakamatwa, kesho yake tunaambiwa amekufa kwa ajali ya gari. Kama huyo, mwenye kofia ya uaskofu, aliondoka hivyo, mwenye duka la chumvi kijijini aliondokaje? Wewe umesoma kuliko mimi, jijibu.

Oktoba 1978 akavuka mpaka, akatangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera ni yake. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya uwezo, sababu na nia unaijua, shuleni mliisoma kama shairi. Sisi wengine tuliisikia tukiwa mgambo, na baada ya hapo hatukulala nyumbani. Nilipofika Kyaka daraja la Kagera lilikuwa limelala ndani ya maji. Kilichonishika lakini hakikuwa daraja. Kilikuwa migomba. Mikungu imeiva, imepasuka, nyuki wanaingia na kutoka, na hakuna mtu wa kukata. Mchaga ukimwonyesha shamba la namna hiyo huna haja ya kumweleza vita.

Sasa nifike Masaka, tulipokuwa tumeshavuka kuingia Uganda.

Tuliingia Februari 1979, mwisho mwisho, baada ya mizinga. Mji ulikuwa umevunjwavunjwa, na nyumba zilizobaki milango ilikuwa wazi. Katika nyumba moja chungu kilikuwa bado kwenye mafiga, na juu ya meza kuna redio imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, pembeni kina maua ya bluu. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na adui pia. Ile redio unaijua, na kitambaa ndicho hicho kilichoko juu ya kabati la vyombo. Nilikitumia kuifungia isipate vumbi njiani.

Mama yako anaamini niliinunua Bukoba. Mwache aamini.

Na siku ile ulipoifungua kwa bisibisi ukaniuliza jina lililochorwa kwa msumari ndani ya kifuniko ni la nani, kipigo ulichokipata hakikuwa cha redio kuharibika. Redio haikuharibika. Nadhani ulijua. Lile jina nililikwangua kesho yake kwa kisu, lakini mpaka leo naweza kuliandika.

Ndiyo maana nakwambia, usimsifie yule mtu. Masaka si mbali na Kampala, na watu wa Masaka wako Kampala wengi. Utakaa nao meza moja. Ukisema chuma, mzee mmoja atakuuliza, kwenu wapi? Utasema Moshi, Tanzania. Hapo atakunyamazia, na utafikiri amekubali.

Tena Moshi wanaijua. Tulipokuwa tumeshapita Lukaya, ambako tulikutana na Walibya wa Gaddafi waliokuja kumsaidia Amin, Waganda waliokuwa uhamishoni walikusanyika hapa hapa mjini, Machi 1979, wakaunda umoja wao na kumweka Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Aprili 11 Kampala ikaanguka, siku mbili baadaye Lule akawa rais. Tarehe 20 Juni wenzake wale wale wakamtoa. Siku 68! Mbuzi wa kununua mnadani hukaa zaidi. Akaja Binaisa, kisha Obote kwa mara ya pili, na risasi zikaendelea Luwero mpaka Museveni alipoingia Januari 1986. Sisi tulirudi tukipigiwa ngoma, tukadhani tumemaliza kazi. Wenzangu wengine wako makaburi ya jeshi ya Kaboya, wamelala kwa mistari. Mmoja alikuwa wa Uru, nilimwazima mkanda wake na sikumrudishia.

Wala usinielewe vibaya, simgeuzi Mwalimu kuwa malaika. Babu yako alikufa hajamsamehe kwa kuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976, KNCU yetu ya kahawa ikiwemo. Na baada ya vita tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Hiyo miezi haikuisha. Nilirudi shujaa nikapanga foleni ya sabuni. Kwa hiyo mtu akimsema Mwalimu mbele yako, msikilize, ana haki yake. Lakini Mwalimu alisemwa na babu yako kwa sauti, mezani, miaka yote, na babu yako alifia kitandani. Tofauti ninayoiona mimi ndiyo hiyo, sina nyingine ya kitabuni.

Ufadhili umeupata kwa kichwa chako, sikutia hata senti. Hilo nimewaambia watu wa jumuiya mpaka wamechoka. Sijui kwa nini kukwambia wewe imekuwa kazi. Ila mtu anayekwenda kusomea shahada ya pili hawezi kuokota video ya sekunde thelathini akaisambaza kama mtoto aliyeokota risasi. Ile video ifute. Kama umeshaifuta nisamehe, simu yangu haionyeshi vizuri.

Kadi ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti, usiitupe chini ya begi, mpakani watakuuliza. Fedha badilisha kidogo tu hapo mpakani, nyingine kabadilishie mjini. Mama yako amekufungia ndizi mbivu nimwambie nini, unakwenda Uganda na ndizi! Uzile tu kwenye basi.

Mdogo wako ada yake nimelipa nusu. Nusu nyingine nitauza yule ndama, usimtumie chochote kwanza mpaka ujue chumba ni kiasi gani. Bomba la juu bado linavuja, fundi amekuja mara mbili anaangalia anaondoka. Kahawa mwaka huu si mbaya. Ile miche mipya uliyoipanda upande wa mfereji imeshika yote isipokuwa mitatu.

Ukipata nafasi ya kupita Masaka, pita. Usimtafute mtu. Mimi mwenyewe singejua uanzie wapi. Tazama tu kama wamejenga, uniambie kwa simu, na uniambie nikiwa nje, si mama yako akiwa karibu.

Usimsifie yule mtu, mwanangu.

Na ufunguo wa stoo sijauona tangu juzi. Kama uko kwenye suruali yako ya jinzi, ufunge kwenye karatasi, umpe dereva wa basi linalorudi Arusha, umwandikie namba yangu. Pumba za ng'ombe ziko ndani.

Baba yako