Msindikize mpaka mlangoni mwa basi

Ujiji, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Tangu tulipoagana kwenye simu jana sijatulia. Mwenzio wa chumbani anaondoka Jumamosi kwa sababu ada imemshinda, na unasema huko bwenini Dodoma watu wanampita kimya kimya, kama nyumba yenye msiba usiotangazwa. Ukasema nawe hujui umwambie nini, na huenda siku hiyo ukaamkia maktaba. Usiamkie maktaba, mwanangu. Nakuomba.

Unajua kwamba niliacha shule nikiwa kidato cha pili, ila sijawahi kukusimulia nilivyoondoka. Ilikuwa mwaka 1994. Ada ya sekondari ilikuwa ya kulipa, maana haya ya elimu bila malipo mpaka kidato cha nne yamekuja 2016, na babu yako alikuwa amepotelewa na nyavu kule kwetu Kirando. Nikaambiwa nirudi nyumbani. Wasichana niliolala nao chumba kimoja mwaka na nusu walijua wote. Asubuhi ile wengine waliinamia madaftari, wengine wakaondoka na ndoo kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyewatuma. Sikuwachukia. Walikuwa watoto, walishindwa pa kuweka macho. Lakini mlango wa bweni ulivyokuwa mtupu nauona hadi leo.

Aliyenisindikiza ni mama mpishi wa shule. Aliacha maharage motoni akamwachia msaidizi wake, akajitwisha tranka langu, tukateremka hadi bandarini Kigoma kupanda meli ya Liemba. Njiani hakunipa pole hata moja. Aliniuliza kwetu migebuka, wale samaki wa ziwani, inapatikana kwa wingi mwezi gani, na mama yangu anaipikaje. Nikajikuta naeleza, naeleza, mpaka nikasahau kulia.

Tulipofika gatini akanionyesha meli. Akasema, hiyo unayoiona ilizamishwa na Wajerumani wenyewe wakati wa vita, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mashine zake grisi. Sikumwelewa. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba watu ziwani. Miaka yote ile chini ya maji, na mashine zikafaa. Hiyo grisi ndiyo ninayotaka umpake mwenzio wiki hii.

Basi fanya hivi. Usisubiri Jumamosi. Leo leo mwambie, "Nitakusindikiza," ili asilale siku zote hizi akiwaza atakavyoburura mabegi peke yake gizani. Mchemshie mayai, kaanga karanga, nunua na maandazi, kwa sababu mtu anayerudi nyumbani kwa kukosa ada hatathubutu kununua chakula njiani. Mabegi mbebee wewe. Pale stendi ya Nanenane ingia naye ndani ya basi, mtafutie kiti chake, kaa naye hapo mpaka konda akufukuze. Likiondoka, simama pale pale mpaka lipotee. Atageuka kutazama. Wote hugeuka.

Usimuulize atarudi lini. Wala usimwambie kila kitu kitakuwa sawa, huna uwezo wa kuahidi hilo, na yeye anajua. Mama mpishi hakuniahidi chochote, na kweli shuleni sikurudi. Ila mkumbushe aandike barua ya kuahirisha masomo kabla hajaondoka, asitoweke tu. Hilo nalo lifanyeni pamoja, nenda naye mpaka ofisini, maana mtu mwenye aibu hushindwa hata kubisha hodi.

Ile doti ya kanga niliyokupa, yenye jina "Wema hauozi", bado hujaikata, nakujua. Ikate. Kipande kimoja mpe ajifunike, kwao Njombe kuna baridi. Kingine baki nacho. Sitakuuliza kwa nini kanga yangu imebaki nusu.

Na akishaondoka, kazi haijaisha. Mpigie simu akikaribia Mtera, mpigie jioni akifika, halafu mpigie tena wiki ya pili, wageni wakishatoka na kila mtu kijijini akishajua kilichomrudisha. Hapo ndipo panapouma. Nilipofika Kirando mimi, meli haikuwa na gati, ilisimama majini na mitumbwi ikaja na taa kutuchukua. Usiku ule wa kwanza baba alinipokea kwa furaha, nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Safari iliyofuata ya Liemba, baharia mmoja akanishushia kifurushi kutoka kwa mama mpishi: sabuni ya mche, na daftari langu la hesabu nililolisahau chini ya godoro. Nilikaa mchangani nikalikumbatia lile daftari kama mtoto mchanga.

Miaka sita baadaye nilirudi Kigoma kujifunza cherehani. Nyumba ya kwanza niliyobisha hodi ilikuwa ya kwake.

Barua hii inakuja na basi la kesho alfajiri, imo ndani ya boksi pamoja na dagaa na chupa mbili za mawese. Nimezifunga vizuri kwa nailoni, hazitamwagika. Mfuko wa bluu ni wa mwenzio. Mwambie umetoka kwa mama yake wa Ujiji.

Mama yako