Barua ya wazi kwa msimamizi wa vibali vya majitaka: njoo usiku, bila taarifa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Hii naiandika hadharani kwa sababu usiku wa kuamkia Jumanne iliyopita bomba la kiwanda linalomwaga majitaka mtoni lilifunguliwa tena, na kesho yake niling'oa matuta 11 ya mchicha kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa mboga katika bonde la Mto Msimbazi, mto unaoanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Tabata na Jangwani, hadi kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Huenda barua zangu zilizopita niliziandika kwa maneno ya jumla mno, kwa hiyo safari hii naomba nieleze nilichokiona kwa macho.

Saa nane usiku niliamshwa na harufu kama ya kitenge kipya kilicholowekwa kwenye maji ya moto. Nilishuka na tochi. Bomba la saruji lililo chini ya ukuta wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa lilikuwa likimwaga maji ya zambarau yanayofuka mvuke, na povu lake lilikuwa limenasa kwenye magugu. Niliingiza kidole, nikakitoa upesi. Nikakinga chupa ya nusu lita. Kulipokucha bomba lilikuwa limekauka, mto umerudia rangi yake ya tope, na mpita njia asingeamini neno langu. Lakini mchicha ambao vijana wangu waliumwagilia alfajiri kabla sijawazuia ulianza kunyauka kwenye ncha za majani, na kufikia adhuhuri ulikuwa umebabuka kama uliopitiwa na moto. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alichovya karatasi nyekundu ya litmasi kwenye chupa ile, ikageuka buluu papo hapo. Najua litmasi si maabara. Najua pia kwamba buluu ile ni dalili ya magadi, na kwamba viwanda vya vitambaa hutumia magadi makali kusafisha nyuzi kabla ya kuzitia rangi.

Sheria unaijua kuliko mimi, lakini nalazimika kuikumbusha. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga majitaka mtoni awe na kibali, na kibali hakitolewi bila masharti. Viwango vya nchi vinataka pH ya majitaka, yaani kipimo cha utindikali au umagadi wake, iwe kati ya 6.5 na 8.5, na oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu uliomo kwa muda wa siku 5 isizidi miligramu 30 kwa lita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyohiyo ndiyo yenye kifungu kinachozuia shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kifungu hicho kilitufikia sisi wakulima bila kuchelewa: mwaka juzi walikuja watu na futikamba, wakapima, wakapigilia vigingi, nasi tukayaacha matuta ya chini bila ubishi. Tulitii, Mheshimiwa. Ninachouliza ni kwa nini futikamba ilifika mtoni kwa siku moja, ilhali chupa ya sampuli imeshindwa kufika kwenye mdomo wa bomba lile kwa miezi 14.

Katika mkutano wa hadhara wa mtaa wetu uliahidi, mbele ya wazee na akina mama waliokaa juani tangu saa tatu, kwamba ndani ya siku 30 tungepata majibu. Ukaguzi ulifanyika, hilo sikatai. Gari la ofisi lilifika saa nne asubuhi, likafunguliwa geti, wataalamu wakaonyeshwa mabwawa ya kusafishia maji, wakachota chupa moja, wakaondoka. Tukaambiwa kwamba kiwanda kimekidhi viwango. Sisemi kwamba majibu yale yalikuwa ya uongo. Nasema yalikuwa ya kweli kwa saa ile. Sampuli moja hueleza maji ya dakika ile tu iliyochotwa, na ndiyo maana wataalamu wenyewe huchota kidogokidogo kwa saa 24 wanapotaka kujua hali halisi ya majitaka. Joto na pH hupimwa palepale, kwa sababu maji yakisafirishwa hupoa na kubadilika. Anayefika asubuhi, baada ya bomba kufungwa, hakuti kitu.

Huenda ofisi yako haina gari la usiku, au mafuta, au posho za wapimaji. Huenda pia kiwanda hupata habari ya ukaguzi mapema. Bondeni watu wanasema mengi juu ya hilo, nami siwezi kuyathibitisha. Nakiri vilevile kwamba Msimbazi unabeba uchafu mwingine, yakiwemo maji ya vyoo ambavyo baadhi ya kaya huvifungulia mvua inaponyesha. Lakini vyoo hivyo havina kibali chenye saini ya ofisi yako. Bomba lile linacho.

Mchicha huchukua wiki tatu hadi nne kukomaa, na kwa mwaka huu nimepoteza mizunguko mitatu. Mama wa genge aliyenunua kwangu kwa miaka tisa sasa analigeuzageuza fungu la mchicha mkononi na kuniuliza, "Mwalimu, huu si wa mtoni?" Sina la kumjibu. Nimewalisha wajukuu wangu mboga hizo, na sijui nimewalisha nini.

Chupa ile niliileta kwenu Jumatano. Ofisa wa mapokezi aliniambia kwa adabu kwamba sampuli ya raia haina nguvu, kwa sababu haijulikani ilichotwa wapi, na nani, na ilihifadhiwaje. Ni kweli. Basi njooni mchote nyinyi.

Katika barua ya kwanza niliomba fidia, ya pili nikaomba kiwanda kifungiwe kwa muda, ya tatu nikaomba mita iwekwe kwenye bomba. Leo nayaweka kando yote hayo. Naomba uje usiku mmoja tu, bila taarifa kwa mtu yeyote, uchote maji kwenye mdomo wa bomba, na mtoni juu yake na chini yake, kisha majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, hata kama yatanionyesha mimi kuwa nimekosea. Uje usiku, Mheshimiwa. Bomba hufunguliwa kati ya saa saba na saa tisa, hasa siku za mvua. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka hapo, na taa yake haizimwi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa mboga,
Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam