Kuhusu wimbo aliouchagua Neema

Mpendwa Salome,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba watoto na wote walio hapo nyumbani. Sisi ni wazima, ila mama mkubwa bado analalamikia magoti yake, kama unavyomjua. Nimepata ujumbe wako kuhusu "Love's Philosophy", wimbo wa mtunzi Mwingereza Roger Quilter ambao Neema anautaka katika harusi yake, wewe ukipiga piano nami nikiimba, na kwa kuwa shauri lako la kuupunguza mwendo ili uwe mtamu limeninyima usingizi, nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Salome, wimbo huo hauendi polepole. Maneno yake ni shairi la Shelley, mshairi wa Kiingereza, lililochapishwa mwaka 1819; lina beti mbili tu za mistari minane minane, na ndani yake hakuna kitu kilichotulia: chemchemi zinaingia mtoni, mito inaingia baharini, milima inaibusu mbingu, mawimbi yanakumbatiana, na kijana anayembembeleza msichana anayataja yote hayo kama wakili anayeita shahidi mmoja baada ya mwingine. Kila ubeti unaishia kwa swali, na swali la mwisho ni kwamba mabusu hayo yote yana thamani gani ikiwa yeye mwenyewe habusiwi. Hoja zake, tukisema kweli, hazistahimili kuchunguzwa. Msichana akipewa nafasi ya kufikiri, kesi imekwisha.

Naamini Quilter alilitambua hilo. Alipoutoa wimbo wake mwaka 1905, miaka kadhaa baada ya masomo yake ya muziki kule Frankfurt, aliipa piano noti ndogo ndogo zinazotiririka karibu bila kukatika, na juu yake akaweka sauti inayokwenda kwa pumzi ndefu. Mtunzi mwingine, Delius, alikuwa amekwisha kulitungia shairi hilo hilo muziki mwaka 1891, lakini huu wa Quilter ndio ninaourudia mimi, kwa sababu ya huko kukimbizana. Ukiupunguza mwendo, noti zako zitasikika kama mazoezi ya vidole, nami nitaishiwa pumzi kabla ya mstari wa mwisho, mahali ambapo sauti inapaswa kupanda kwa nguvu zote.

Najua kwamba kurasa hizo zinakutisha, na ningekuwa wewe zingenitisha pia. Anza na mkono mmoja mmoja. Mimi nitatumia toleo la sauti ya chini, ingawa sidhani kama vidole vyako vitapata nafuu yoyote kwa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sijathubutu kumwambia Neema. Anayeimba maneno haya bado hajakubaliwa, ilhali bwana harusi wetu amekubaliwa na mahari imelipwa. Sasa kubembeleza kote huko ni kwa ajili ya nini? Isitoshe, Mzee Mushi anajua Kiingereza vizuri, na sitaki anikazie macho kanisani nifikapo kwenye mabusu. Naona tuimbe ukumbini, baada ya chakula, tena kwa mwendo uleule alioutaka mtunzi.

Je, piano ya ukumbini imesawazishwa sauti, au bado ni ileile ya kipaimara cha Baraka? Binamu yako atakubali kukugeuzia kurasa? Neema aliusikia wapi wimbo huu, na alikueleza maana yake anaijua? Unaweza kufika mapema ili tufanye mazoezi kabla wageni hawajaingia? Na mwendo, Salome: umekubali, au niandike barua nyingine?

Wako akupendaye,
Rehema