Ile E ya kipimo cha tatu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima.

Tangu jioni ile uliponisimamisha katikati ya Preludi ya 20 ya Chopin, kile kipande kifupi cha kinanda cha C maina, ukasema, "Hapo umekosea, hiyo E ina flati," yaani alama ya kuishusha nota kwa nusu toni, sijatulia. Nilikujibu kwamba napiga kilichoandikwa. Ukasema kitabu changu kimechapwa vibaya. Basi nimeutafuta mzizi wa neno, na mchapaji wangu tumemsingizia.

Hati ya mkono wa Chopin mwenyewe iko Warsaw, katika Maktaba ya Taifa ya Poland, na picha zake zimewekwa kwenye intaneti. Niliifungua usiku watu wamelala, nikaikuza mpaka kipimo cha tatu, yaani kile kipande cha tatu cha mipigo minne kati ya mistari ya wima, kikajaa kioo chote cha kompyuta. E yetu, iliyo kwenye mpigo wa nne, haina flati. Nilitazama kama kuna alama iliyofifia au kufutwa, sikuona kitu. Na matoleo ya kwanza ya 1839 yalitoka hivyo hivyo.

Ilivyokuwa ni hivi. Chopin alizikamilisha Preludi 24 huko Valldemossa, kisiwani Mallorca, hali afya yake ni mbaya, na Januari 1839 akazipeleka Paris kwa rafiki yake Julian Fontana. Fontana akazinakili. Mchapaji wa Paris alifanyia kazi hati yenyewe, na wa Leipzig akapata nakala ya Fontana. Matoleo hayo mawili hayapatani hata juu ya aliyetunukiwa kazi: la Paris linamtaja Pleyel, mtengenezaji wa piano, la Leipzig linamtaja Kessler, mpiga piano na mtunzi. Lakini juu ya E yetu yamekubaliana.

Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba nimeshinda. Kisha nikasoma habari za Jane Stirling, mwanafunzi wake kutoka Scotland. Vitabu alivyofundishiwa vimehifadhiwa Paris, na kwenye nota hiyo hiyo Chopin ametia flati kwa penseli. Fikiria! Mwalimu amekaa kando ya mwanafunzi, anasikia alichokiandika mwenyewe, anachukua penseli.

Je, alikuwa anasahihisha alichosahau? Mimi naona hivyo. Katika mpigo wa pili wa kipimo hicho flati ya E, iliyo ya kawaida katika C maina, imeondolewa, na hubaki imeondolewa mpaka kipimo kiishe isipoandikwa tena; na mtu anayeandika huku sauti ziko kichwani anaweza kusahau kuirudisha. Ila siwezi kulitupa wazo la pili, kwamba alibadili nia baada ya kuisikia miaka kadhaa. Hakuwa mtu wa kuganda. Hati yenyewe inaonyesha: awali kipande kilikuwa kifupi zaidi, kisha akaongeza marudio ya vile vipimo vinne vya mwisho, yale tunayoyapiga kwa sauti ya chini. Pembeni akamwandikia mchapaji kwamba amemkubalia kidogo Bwana xxx, ambaye mara nyingi husema kweli. Jina hakulitaja. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila mara nashukuru kwamba mtu mkubwa kiasi kile alimsikiliza mwenzake. Bila Bwana huyo tusingekuwa na ule mwangwi wa mwisho, ambao kwangu ndio moyo wa kipande chote.

Kwa hiyo naipiga kwa flati sasa, na haki yako nakupa. Ila naomba nawe usimkatize mwanafunzi atakayeipiga bila flati. Mwambie aione hati, aione na habari ya penseli, kisha azipige zote mbili polepole na asikilize kipimo cha nne kinavyopokea kila moja. Mimi nimefanya hivyo wiki nzima, na ile isiyo na flati bado inanishtua kwa uzuri wake.

Kile kitabu chako cha zamani, chenye jalada lililochanika, kinasemaje? Nipigie picha ya ukurasa huo, pamoja na ukurasa wa mbele wenye jina la mhariri, unitumie kabla ya Jumapili.

Wako daima,
mwenzako wa kinanda