Kuhusu zile picha zako za Nungwi

Tanga,
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mama msalimie sana. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Picha zako kumi na mbili zilinifika Alhamisi. Ningeweza kukujibu siku ile ile "nzuri, mashallah" yakaisha, lakini uliniomba nikwambie kweli, kwa hiyo nimekaa nazo siku tatu. Nimezitazama kwenye simu, kisha nikazihamishia kwenye kompyuta nizione kwa ukubwa.

Nianze na ya fundi anayetia kalafati, yaani anayeziba nyufa za chombo, maana ndiyo iliyonikalisha. Ameinama ubavuni mwa jahazi, pamba iliyolowa mafuta inaning'inia vidoleni, patasi imeshakaa kwenye upenyo wa mbao na nyundo bado iko juu. Uso wake hauonekani, na wala sikuutafuta. Mikono ile inatosha. Halafu mwanga! Saa sita mchana pale Nungwi, ukimpiga mtu picha juani macho yake yanakuwa mashimo meusi. Wewe ulimpiga akiwa kivulini mwa jahazi, jua likagonga mchanga mweupe na kumrudia kutoka chini, taratibu, hadi mishipa ya mikono inahesabika. Kama hukukusudia, rudi ukakusudie.

Kinachoniuma ni kiwiko cha mtoto pale kushoto, pembeni kabisa. Kila nikitazama, jicho linakimbilia kule kuuliza ni nani. Ungesogea hatua moja kulia angetoka. Ungerudi nyuma hatua mbili angeingia mzima, na kama alikuwa anamtazama fundi, basi hiyo ingekuwa picha nzuri kushinda hii. Kabla hujabonyeza, pitisha macho kwenye kingo zote nne za kioo cha simu. Ni kazi ya sekunde mbili.

Ya wanaume wakitoka msikitini Ijumaa imeingia giza nyusoni, nawe ukailaumu simu. Simu haina kosa kubwa. Kamera hukadiria mwanga kana kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha katikati. Ikikutana na kanzu nyeupe arobaini inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na sura zetu nyeusi ndizo zinazolipa. Siku nyingine gusa uso wa mtu mmoja pale kwenye kioo. Kwenye simu nyingi kitatokea kijijua kidogo; kipandishe kwa kidole mpaka uso uonekane kama unavyouona kwa macho yako. Kanzu zikipauka kidogo, ziache zipauke. Na ukipita Shangani, kule Mji Mkongwe, ingia Capital Art Studio, ile aliyoifungua mpiga picha Ranchhod Oza mwaka 1930. Simama mbele ya zile picha za zamani utazame sura za watu, mwanga umewaangukia kutoka upande gani.

Sasa ya ngalawa na machweo. Najua kila uliyemwonyesha ameisifu hiyo. Rangi zake nzuri kweli, na upeo wa bahari uliolalia kulia unanyooshwa mara moja. Ila mimi sikukuona wewe ndani yake. Yeyote aliyesimama ufukweni jioni ile angeipata. Nilipoanza kupiga picha, mzee mmoja aliyekuwa na studio karibu na kwetu alikuwa akiniuliza swali moja tu: "Ulitaka nione nini?" Nilichukia swali lile, maana mara nyingi sikuwa na jibu. Kwa fundi, jibu lako nalisikia bila kukuuliza. Kwa ngalawa silisikii.

Na yule mama wa sokoni, aliyegeuza uso na kuvuta kanga yake. Ulimwomba ruhusa? Nakuuliza kwa mapenzi. Samaki wamekaa vizuri, rangi ya kanga inapendeza, lakini mkono ule unasema hapana, na mimi nausikia huku Tanga. Usimwonyeshe mtu mwingine, shoga yangu. Ifute. Siku ukirudi sokoni nunua samaki kwake, kaa, zungumza naye, simu ibaki mkobani. Akitaka mwenyewe kupigwa, atakwambia.

Zilizobaki nane tutaziongea nikija, inshallah baada ya Idi. Mbili kati yake zina ukungu wa alama za vidole kwenye lenzi, hizo pangusa tu kwa upindo wa kanga kabla ya kupiga.

Lakini kabla sijaja nifanyie jambo moja. Ile ya fundi isafishe kwa karatasi, kubwa kidogo, umpelekee. Mimi nimeitazama kwa macho ya mwanga na kingo. Yeye atatazama patasi ilivyokaa, pamba ilivyosokotwa, ubao ulivyoungana na mwenzake. Kaa naye akueleze, halafu niandikie alichosema.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga