Barua kwa vijana wa kijiweni kwetu: tumbo si gunia

Wanangu wa bodaboda,

Hamjambo? Ni yule bibi wa asubuhi anayewacheleweshea safari kwa kudai helmeti. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na kitu, na ndani ya mwezi huu mmoja watatu kati yenu mmenijia mmeshika chembe cha moyo: "Bibi, vidonda vya tumbo." Nimeona niwaandikie wote.

Mnavyokula kwa mama lishe nawaona. Wali maharage haujapoa, sahani imekwisha. Hamtafuni, mnameza. Kesho chukueni tonge la ugali mtupu, bila mboga, mlitafune polepole mpaka liwe uji mdomoni. Utamu utakuja wenyewe. Hakuna aliyetia sukari. Ni mate yanavunja wanga. Kazi ya chakula inaanzia hapo, nanyi mnaliachia tumbo kazi ya meno.

Tumboni kuna asidi kali. Inaua vijidudu vingi na kusaidia kulainisha nyama na maharage. Tumbo lenyewe haliungui kwa kuwa ndani limepakwa ute. Basi huo ute ndio mnaouchezea. Mgongo ukiuma kwa mashimo ya barabara, mbio duka la dawa, diklofenaki ya kutuliza maumivu, mnaishushia kwa soda na tangu asubuhi hamjatia kitu. Kesho tena. Dawa za jamii hiyo hudhoofisha ute, na asidi ikipata mwanya inakula ukuta wa tumbo. Halafu lawama anapewa pilipili!

Sisi nasi tulikosea. Zamani wodini tulimwambia mgonjwa apunguze mawazo, anywe maziwa, tukampa dawa ya kutuliza asidi. Baada ya miezi karudi. Kumbe kule Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walishamwona bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayejificha kwenye ute huohuo. Wengi hawakuwaamini kwamba huyo ndiye chanzo cha vidonda vingi. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe cha bakteria hao. Hazikupita siku nyingi akawa anatapika, na alipochunguzwa tumbo lilikuwa limevimba ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo kapimeni, kipimo cha choo kinaweza kumwonyesha. Akiwepo, mtapewa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi mmalize. Msiache siku ya nne kwa sababu maumivu yametulia, hapo nawajua.

Chakula hukaa tumboni muda wa saa 2 hadi 4, chenye mafuta zaidi ya hapo. Zile chipsi mayai za usiku wa manane, ukizila na kulala papo hapo, asidi inapanda kooni. Ndicho kiungulia.

Kutoka hapo ni utumbo mwembamba, meta 6 hivi, ambako nyongo inayeyusha mafuta na maji ya kongosho yanamalizia wanga na nyama. Mnaokunywa supu ya utumbo mnakijua kile kipande chenye manyoya kama taulo. Hicho ni cha tumbo la ng'ombe, lakini utumbo wetu mwembamba nao umejaa vinyweleo vya namna hiyo, vidogo zaidi, na ndivyo vinavyofyonza chakula kiingie kwenye damu.

Utumbo mpana unavuta maji yaliyobaki. Sasa wewe unayekaa juani kutwa bila maji, eti ukienda kukojoa utapoteza abiria, na haja kubwa unaibana mpaka jioni, choo kitaachaje kuwa kigumu?

Mwisho: choo kikiwa cheusi kama lami na kinanata, au ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, usije kwangu kuuliza. Wala usiendeshe mwenyewe. Mwenzako akupakie moja kwa moja hospitali, usiku au mchana, nauli yake nitalipa mimi.

Bibi yenu wa asubuhi